Mabamba ya Kinga na Kinachojificha Nyuma Yake

Mazungumzo ya leo ni ya ubavu wa gari. Injini ina wasemaji wengi, matairi nayo yana wake, lakini ubavu wa gari linaloishi porini hausemewi na mtu mpaka siku mlango umegoma kufunguka au dereva ameanza kuona barabara kupitia sakafuni.

Gari la njia mbovu hupigwa pembeni kila siku ya kazi. Tairi la mbele huokota kokoto na kuzirusha nyuma kwenye kizingiti, yaani sehemu ya bodi inayopita chini ya milango, palepale mwaka mzima, hadi rangi ichubuke na chuma kibaki uchi. Matawi ya migunga huchora kuanzia madigadi ya mbele hadi taa za nyuma. Kisha kuna kisiki kilichojificha kwenye nyasi ndefu, na lile jiwe ambalo tairi la mbele limelikwepa vizuri, dereva akakata kona mapema, na sasa linapanda taratibu kwenye tumbo la gari katikati ya magurudumu. Magari ya watalii ya Arusha yanalijua jiwe hilo kuliko mengine, kwa sababu mengi ni Land Cruiser zilizokatwa na kurefushwa ili zipate viti zaidi. Gari likirefuka katikati bila kuinuliwa, tumbo lake hufikiwa na tuta ambalo gari fupi lingelivuka bila kuligusa.

Ndipo wenye magari wanapokwenda kwa fundi kutaka mabamba ya kinga. Mengine ni ya alumini yenye vinundu, mengine ni ya chuma kilichopigwa rangi nyeusi. Yanafungwa kwenye vizingiti, kwenye pembe za nyuma chini ya taa, juu ya madigadi, na wakati mwingine kwenye nusu ya chini ya milango. Gari likitoka gereji linapendeza na mwenyewe anajisikia salama.

Kazi hiyo naiunga mkono kabisa. Gari la porini ni mtaji, na mara nyingi ni mtaji wa watu wengi: dereva, mwenye gari, familia zao, na wageni ambao maisha yao yamewekwa ndani yake. Nina ombi moja tu kwa fundi na kwa mwenye gari, nalo ndilo limenileta hapa leo. Tazameni nyuma ya bamba. Jiwe likigonga, kila mtu analiona na kulisikia. Maji, tope na chumvi vinavyokaa kati ya bamba na bodi havipigi kelele, na ndivyo vinavyoua magari mengi niliyoyaona yakifunguliwa. Bamba lililofungwa vibaya huifanyia bodi kile ambacho gunia bichi hulifanyia bati likilazwa juu yake msimu mzima wa mvua.

Ili tuelewane, hebu tuanze na Land Rover, maana historia yake inalieleza tatizo lenyewe. Land Rover ya kwanza ilioneshwa Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Uingereza ilikuwa imetoka vitani, chuma kiligawiwa kwa kibali, lakini alumini ilipatikana. Maurice Wilks na wenzake wa kampuni ya Rover wakatengeneza bodi kwa aloi ya alumini na magnesi iliyoitwa Birmabright, wakaiweka juu ya chesesi ya chuma. Uamuzi uliotokana na uhaba ukageuka kuwa sifa kubwa ya gari hilo. Bodi yake haikushika ile kutu nyekundu, na ilinyooshwa kwa nyundo ya kawaida kijijini. Bodi ya namna hiyo iliendelea kutengenezwa, kwa mabadiliko ya hapa na pale, hadi gari la mwisho la Defender ya zamani, mrithi wa Land Rover hiyo, lilipotoka kiwandani Solihull tarehe 29 Januari 2016.

Sasa utazame mlango wa Defender iliyokaa Tanga au Mombasa. Ngozi yake ni alumini, lakini mifupa ya ndani ni chuma, na ngozi imekunjwa kuizunguka mifupa hiyo. Pale chini kwenye mkunjo utaona rangi imevimba vipele. Ukikikwaruza kipele kwa ukucha, unatoka unga mweupe. Huo unga ni alumini iliyoliwa. Haikugongwa na jiwe lolote. Imeliwa kwa sababu ilikutana na chuma mahali penye unyevu wenye chumvi.

Mambo matatu yakikutana, kazi hiyo huanza: metali mbili tofauti, mguso baina yao, na maji yanayopitisha umeme. Ndivyo betri inavyofanya kazi, na katika betri hiyo ndogo metali iliyo dhaifu zaidi ndiyo inayoliwa. Kati ya alumini na chuma, inaliwa alumini. Kati ya alumini na stenlesi pia, inaliwa alumini. Fundi anayechagua boliti za stenlesi kwa sababu hazishiki kutu amechagua vizuri kwa ajili ya boliti, lakini kama hakuweka kitu cha kuitenganisha na alumini, boliti itabaki inang'aa huku tundu linaloizunguka likipanuka mwaka hadi mwaka. Siku moja bamba linacheza, na mwenye gari anadhani nati imelegea.

Ukubwa wa eneo nao una sheria yake. Boliti ndogo ya stenlesi kwenye bamba pana la alumini huleta madhara ya polepole, kwa kuwa ulaji unagawanyika kwenye eneo kubwa, ingawa unajikusanya pembeni ya tundu. Ukigeuza mambo, yaani bamba pana la chuma ukalishikiza kwa ribiti ndogo za alumini, umeweka windo dogo mbele ya mlaji mkubwa. Ribiti zinakwisha kwanza. Kwa gari linalokwenda pwani, ribiti za alumini kwenye bamba la chuma mimi sizikubali kabisa, hata kama ni nafuu na kazi inakwisha kabla ya chakula cha mchana.

Na sisi wa ukanda huu wa Bonde la Ufa tuna jambo letu la ziada ambalo maelekezo ya viwandani hayaligusi. Alumini hujilinda kwa utando mwembamba sana unaojijenga wenyewe juu yake hewani. Utando huo unavumilia mengi, lakini hauwezi magadi. Maji yenye magadi huuyeyusha, kisha yakaanza kuila alumini yenyewe, hata pasipo chuma karibu. Gari linalokwenda Ziwa Natron, au ng'ambo kule Ziwa Magadi nchini Kenya, linarudi na vumbi la ardhi hiyo kwenye kila mwanya. Likikauka halina madhara makubwa. Likipata umande au mvua huko nyuma ya bamba linakuwa dawa kali, nalo limefichwa mahali ambapo hakuna jua wala upepo wa kulikausha. Kwa hiyo safari ya Natron isiishie kwenye kuoshwa kioo na mlango. Mpira wa maji safi uelekezwe nyuma ya mabamba, kutoka juu kwenda chini, hadi maji yanayotoka yawe meupe.

Hapo ndipo swali la jinsi ya kufunga linapoanza kuwa na uzito. Mafundi wana njia mbili. Wapo wanaoligandisha bamba lote kwenye bodi kwa gundi nzito ya poliyurethani, kusibaki nafasi ya maji kuingia. Ni njia nzuri ikifanywa kwa ukamilifu, juu ya bodi safi isiyo na kutu hata chembe. Ila gari likijipinda porini gundi hupasuka mahali fulani, na ufa mmoja unatosha kuingiza maji yasiyo na njia ya kutokea. Wengine huliinua bamba kidogo kwa vikalio vya nailoni au raba ngumu, milimita chache tu, maji yaingie na yatoke. Mimi niko upande wa hawa wa pili, kwa sharti kwamba bamba linafungwa kwa boliti zinazofunguka, ili mara moja kwa mwaka, kabla masika hayajaanza mwezi Machi, lishushwe, nyuma yake pasuguliwe, paoshwe, pakauke na papakwe rangi upya. Bamba lisiloweza kushushwa nalihesabu kuwa kazi isiyokwisha.

Kuna jambo lingine dogo linalosahaulika sana, nalo huumiza. Vizingiti na milango ya gari vina matundu ya kutolea maji upande wa chini. Yametobolewa kiwandani makusudi, kwa kuwa maji ya mvua hupenya kwenye raba za vioo na kushuka ndani ya mlango. Bamba likiyaziba, mlango unakuwa ndoo. Kabla ya kukata bamba, lala chini ya gari na tochi, yatafute matundu hayo moja moja, uyawekee alama ya chaki, na bamba likatwe kwa kuyazingatia. Na ukiweka silikoni kwenye kingo za bamba, weka juu na ubavuni. Ukingo wa chini uache wazi.

Kuhusu kutoboa. Wapo vijana hodari wenye keekee mkononi ambao hutoboa kwanza ndipo wakauliza kilichoko upande wa pili. Upande wa pili wa pembe ya nyuma kuna nyaya za taa. Upande wa pili wa ubavu kunaweza kuwa na bomba la kujazia mafuta, na kwenye magari yaliyorefushwa hata michoro ya kiwanda haikusaidii, maana nyaya zilipitishwa upya na mtu mwingine. Ondoa vifuniko vya ndani, uone kwa macho. Ondoa waya hasi wa betri. Na kama grenda itatumika, cheche zisielekee kwenye tangi; pawe na mtu amesimama na mtungi wa kuzimia moto, si kijana aliyeambiwa akae karibu huku anachezea simu.

Bamba lishikizwe kwanza kwa utepe au vibanio, milango yote ifunguliwe na kufungwa, ndipo alama za matundu ziwekwe. Piga alama kwa patasi ya ncha ili keekee isiteleze, anza na tundu la milimita 3, kisha panua. Kwa boliti ya milimita 6, tundu la bodi litoshe boliti, lakini matundu ya bamba yawe mapana zaidi kidogo. Kuna sababu yake. Alumini hupanuka kwa joto karibu mara mbili ya chuma. Bamba la mita moja na nusu lililofungwa asubuhi ya baridi kule Karatu, likipata jua la mchana na joto lake kupanda nyuzi 40, linarefuka kama milimita 1.4, na chuma cha bodi kwa joto hilohilo kinarefuka kama milimita 0.7 tu. Tofauti ni ndogo kwa macho, lakini inarudiwa kila siku. Kama matundu yamebana, bamba linavimba katikati au linakwangua rangi pembeni ya kila boliti, na hapo ndipo kutu inapopata mlango.

Baada ya kutoboa, kingo za tundu zisuguliwe, vumbi la chuma lifutwe lote, kisha tundu lipakwe praima ya zinki na liachwe likauke. Hapa ndipo haraka inapoharibu kazi. Tundu lisilopakwa ni jeraha bichi, na bamba moja la kizingiti linaweza kuhitaji matundu saba au nane. Vumbi la chuma lililobaki ndani ya kizingiti nalo litashika kutu na kuiambukiza rangi iliyokuwa nzima. Baada ya praima huja washa ya nailoni chini ya kichwa cha boliti, washa pana ya kugawa nguvu upande wa ndani, na grisi kidogo kwenye nyuzi za boliti. Na bamba lenyewe lipakwe rangi pande zote mbili. Nimeona mabamba mengi ya chuma yenye rangi nzuri ya kuokwa upande wa mbele, na upande wa nyuma praima iliyopuliziwa kwa kupitisha tu mkono. Nyuma ndiko kunakoloa, na nyuma ndiko kunakostahili rangi bora.

Sasa tuje kwenye swali ninaloulizwa zaidi: je, bamba hilo litaliokoa gari likikalia jiwe? Jibu ni hapana, na ni muhimu liwe wazi. Bamba lililofungwa kwenye bodi linazuia mikwaruzo, kokoto, matawi na kugongwa kwa wepesi. Uzito wa gari haliwezi kuubeba, kwa sababu nyuma yake kuna bati jembamba la bodi. Gari la zaidi ya tani 2 likishuka juu ya mwamba, bamba litaingia ndani pamoja na kizingiti, na huenda mlango usifunguke tena. Kazi ya kubeba uzito ni ya bomba nene la pembeni, lile linaloshikwa kwenye chesesi yenyewe kwa mikono mitatu au minne ya chuma. Gari likikalia mwamba, linateleza juu ya bomba hilo na nguvu yote inakwenda kwenye uti wa mgongo wake.

Bomba hilo lisigusane na bodi. Bodi ya Land Cruiser na ya Defender ya zamani imekaa juu ya chesesi kama kitu cha pekee, na njia ikipinda, bodi na chesesi havipindi kwa kipimo kimoja. Acha nafasi ya sentimita moja au mbili, la sivyo bomba ulilofunga kuilinda bodi ndilo litakaloipiga. Hata Jeep walipotoa Wrangler Rubicon ya modeli ya 2003, gari lilitoka kiwandani tayari na mabamba ya vinundu kwenye vizingiti, likiwa limepewa jina la ile njia ya mawe ya California. Wanaopita njia hiyo kwa bidii bado huongeza mabomba ya kubeba uzito, na wana haki.

Kwa hapa kwetu, mahali pa kujifunza somo hili ni mashindano ya Rhino Charge ya Kenya. Yalianza mwaka 1989 kuchangia uzio wa kuwalinda vifaru na msitu wa Aberdare, uzio wa kilomita zipatazo 400 uliokamilika mwaka 2009. Magari hupewa saa 10 kufika kwenye vituo 13, na mshindi ni yule aliyevipitia vyote kwa umbali mfupi kuliko wenzake. Kasi haihesabiwi. Kwa hiyo madereva hukata moja kwa moja, wanashuka korongo na kupanda genge badala ya kuzunguka. Ukiyatazama magari yaliyorudi jioni, unaelewa kinga inavyopangwa. Bamba nene liko chini ya injini, giaboksi na tangi. Mabomba ya ubavuni yamechubuka hadi chuma cheupe. Mabamba ya bodi yamechoka na kukunjamana, nayo yamefanya kazi yake, kwa sababu yalikusudiwa yaharibike yenyewe.

Uzito nao usisahaulike. Mita moja ya mraba ya alumini ya milimita 3 ina uzito wa kilo 8 hivi. Chuma cha unene huohuo kinakaribia kilo 24. Ongeza bampa la chuma mbele, mabomba mawili, bamba la chini, vishikio vya madumu, na gari limebeba wageni wawili wasio na tiketi kabla mgeni wa kwanza hajapanda. Springi zinakaa chini, breki zinahitaji umbali mrefu zaidi, na lile tumbo ulilokuwa ukililinda linakuwa karibu zaidi na mawe. Kwa ubavu na madigadi nachagua alumini. Chuma nakiweka panapobeba uzito tu.

Kuhusu bampa kubwa za mbele nitasema kwa kifupi, maana zinastahili kipindi chake. Umoja wa Ulaya uliweka masharti juu yake mwaka 2005 kwa ajili ya watu wanaotembea kwa miguu, kwani chuma kigumu kwenye kimo cha kichwa cha mtoto kinaweza kuua hata gari likiwa na mwendo mdogo. Gari la hifadhini hurudi kupitia vijijini. Kingo zote, za bampa na za mabamba, zisuguliwe ziwe za mviringo, pasiwe na pembe hata moja iliyochongoka. Mtoto anayekimbia kupungia gari mkono hana bamba.

Mwisho ni kwa wewe unayetaka kununua gari lililotumika, lenye mabamba tayari. Usilitazame bamba. Mwombe muuzaji ruhusa ya kushusha bamba moja la kizingiti na moja la pembe ya nyuma, uende na fundi wako na spana yako. Gonga kizingiti kwa mpini wa bisibisi kuanzia mbele hadi nyuma. Sauti ya chuma kizima ni kali, na ya chuma kilichooza ni nzito. Pitisha kidole kwenye matundu ya kutolea maji. Tazama kama kuna unga mweupe pembeni ya boliti. Kazi hiyo haizidi saa moja. Na kama boliti zimeganda kwa kutu hadi zikatwe kwa grenda, basi bamba hilo halijawahi kushushwa tangu lifungwe. Hesabu gharama ya vizingiti vipya ndani ya bei kabla hujatoa hata shilingi ya rubuni.